Kutosikia harufu: si uzee tu, wala si uchawi

Sombe inaungua kwenye makala na mzee hasikii harufu. Jamaa wanasema: ni uzee, ao amelogwa. Mara nyingi sababu ni mafua, Covid-19 ao umri. Lakini inaweza pia kuwa alama ya mapema ya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Wagonjwa wengi wanaacha kusikia harufu miaka mingi mbele mikono ianze kutetemeka, kwa sababu ugonjwa unagusa mapema sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Alzheimer, ule wa kusahau, unaweza pia kuanza hivyo.

Hali ikidumu, na mzee anatembea polepole ao anasahausahau, apelekwe hospitalini. Nyumbani, mwingine anuse chakula chake kabla hajala, na kuchunga moto.