Watumwa katika Kitabu cha Ubatizo

Mtoto abatizwapo, padre huandika kitabuni jina lake, la baba na la mama. Sisi wa Mushaki twaliona jambo dogo. Lakini katika misheni za kwanza za Ziwa Tanganyika, Wakristu wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kwa mali kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Mtoto aliyeibwa mchanga, nani atamtajia baba yake?

Adrien Atiman alikuwa mmoja wa watoto walionunuliwa hivyo, ingawa mbali na hapa. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akaibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadri Weupe walimnunua huko Algeria. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusoma uganga, na mwaka 1889 akafika Karema, ng’ambo ya ziwa.

Tuseme kweli: fedha ya ukombozi iliingia mfukoni mwa muuzaji, naye aliyekombolewa hakwenda atakako. Alikaa chini ya amri ya misheni, akalima na kuoa huko huko.

Hata hivyo Atiman, mtumwa wa jana, alimwoa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa kitemi! Aliwatibu wagonjwa wa Karema na kufundisha dini hata kufa kwake mwaka 1956. Mwana wao Yosefu alipewa upadre mwaka 1923. Kitabuni, jina la baba yake lilijulikana.