Gololi Ikidondoka, Unajua Kwa Nini

Jamani, wengi wetu hatujawahi kucheza pinboli. Gololi ya chuma inateremka kwenye ubao ulioinama, nawe unairudisha juu kwa vipigio viwili. Mwaka 1993, kampuni ya Williams ya Chicago ilitoa mashine ya Indiana Jones, iliyobuniwa na Mark Ritchie. Unafyatua gololi kwa mshikio wa bastola, kisha unasaka matukio 12 ya filamu tatu. Juu kuna kiubao kidogo: unakiinamisha mwenyewe, kulia au kushoto, uielekeze gololi unakotaka. Utamu uko hapo. Ukikosea, unaliona kosa papo hapo na unajaribu tena. Sasa sisi walimu watarajiwa tujiulize: mwanafunzi anayerudishiwa mtihani baada ya miezi miwili, ajifunze nini kwa kosa alilokwisha kulisahau?