Upepo Mmoja, Bahari Mbili: Mwamba wa Mashariki ya Unguja

Mtu asimamaye katika ufuko wa Paje au Jambiani, mashariki ya kisiwa cha Unguja, maji yakiwa yamejaa nusu, huona bahari mbili. Karibu naye maji yana viwimbi vidogo tu, na wageni waliokuja mapumzikoni hukimbia huku na huko juu ya mbao zenye matanga. Mbali, kwenye mstari wa povu jeupe, mawimbi makubwa huvunjika kwa kishindo, na huko ndiko watazamako wale wapendao kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao mtupu. Upepo ni mmoja. Je, kwa nini bahari ni mbili?

Upepo

Katikati ya mwaka bara la Asia hupata joto kali. Hewa yake hutanuka na kupanda, na kanieneo hupungua. Hewa nzito ya kusini ya Bahari ya Hindi huelekea huko, nao ndio upepo wa kusi, wenye nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Kuanzia Desemba hadi Februari Asia huwa imepoa, na hewa hurudi kwetu kwa njia ya kaskazi. Kwa kuwa ufuko huu umeelekea mashariki, pepo zote mbili huufikia kwa mshazari kutoka baharini. Hali hiyo humfaa mwenye ubao wa tanga: aweza kwenda na kurudi kwa njia ileile. Upepo utokao nchi kavu, ingawa hulainisha maji, humsukuma mtu kuelekea bahari kuu.

Ubao wa tanga hauna usukani. Mlingoti wake umeungwa kwa kiungo kinachopinda pande zote. Tanga likilazwa kuelekea tezi, omo hugeukia joshini. Likilazwa kuelekea omo, ubao hugeukia demani. Tukumbuke pia kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, kani yake juu ya tanga huongezeka mara nne. Ndiyo sababu kusi likikaza, tanga kubwa hubadilishwa kwa dogo.

Mwamba

Wimbi la bahari kuu husafirisha nishati, si maji. Linapofika mahali penye kina kidogo mwendo wake hupungua, nalo hujikusanya na kuinuka. Kimo chake kinapokaribia sehemu nane kwa kumi za kina cha maji, huanguka. Hivyo wimbi la meta 2 huvunjika penye kina cha meta 2.5 hivi. Mwamba wa matumbawe, ulio zaidi ya kilometa moja kutoka ufukoni, huinuka ghafla kutoka kilindini. Wimbi huishiwa na nguvu hapo, na maji ya ndani hubaki matulivu.

Lakini kina juu ya mwamba hubadilika. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama meta 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Maji yakijaa sana, mawimbi mengi huvuka mwamba na kuingia ndani. Yakipwa, matumbawe makali huwa karibu mno na uso wa maji, na kuteleza hapo ni kujitafutia majeraha. Sehemu kubwa ya maji ya ndani nayo hukauka, na wakulima wa mwani, ambao zao lao la biashara lilianza hapa mwaka 1989, huingia mashambani mwao. Vigingi vyao hubaki chini maji yajaapo. Haifai kupita juu yake.

Mlango

Maji yaliyoingia hayana budi kutoka. Yanapokupwa, hukimbilia milango, yaani nafasi zilizo katikati ya mwamba, na mkondo wake waweza kumshinda hata mwogeleaji hodari. Penye mlango kina ni kikubwa, hivyo mawimbi huvunjika kidogo. Basi mahali paonekanapo pa salama ndipo penye hatari. Anayeenda baharini atoke maji yakijaa, arudi kabla hayajaanza kupwa, na akae mbali na mlango. Akichukuliwa, asishindane na mkondo wala asiuache ubao wake: unaelea, tena huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Nje ya mlango maji hutawanyika na mkondo hulegea. Saa ya jana isitumiwe leo, kwani maji kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Jaribio la darasani

Wekeni tofali katikati ya beseni refu, mimineni maji yalifunike kidogo, kisha fanyeni mawimbi kwa kipande cha ubao upande mmoja. Ongezeni maji kidogo kidogo na kuangalia upande wa pili. Mwishowe ondoeni tofali. Hilo ndilo linaloweza kutokea polepole pale matumbawe yanapokufa, kwa baruti za wavuvi au kwa joto la bahari kama lile la miaka ya 1998 na 2016. Mwamba usiojengwa tena humomonyoka, na mawimbi ya nje hufika mashamba ya mwani na ufuko wenyewe.