Je, Wajua? Kiharusi, Kumbukumbu na Umeme wa Betri

Je, wajua kwamba radi moja inayopiga milima ya chai ya Kericho hubeba umeme wa takriban ampea 30,000, ilhali ule ambao watafiti huupitisha kichwani mwa mtu aliyepungukiwa na kumbukumbu baada ya kiharusi kwa kawaida ni miliampea 1 au 2 tu? Ampea moja ina miliampea 1,000. Betri ya volti 9, ile ya mstatili inayotiwa kwenye maikrofoni ya kanisani, inatosha kuendesha kifaa kizima cha kazi hiyo.

Je, wajua jinsi kazi hiyo inavyofanywa? Vipande viwili vya sifongo huloweshwa maji ya chumvi, kila kimoja kikiwa na elektrodi ndani yake, kisha hufungwa kichwani kwa mkanda wa mpira. Umeme hupandishwa polepole, huachwa upite kwa dakika 20 hivi, halafu hushushwa polepole. Mgonjwa yuko macho, ameketi kitini, hadungwi wala hapasuliwi. Ngozi humwasha kidogo, kama aliyepitiwa na upupu mwepesi. Sifongo ikikauka, ngozi inaweza kuungua, na ndiyo maana anayehudumia huikagua na kuilowesha tena.

Je, wajua kwamba hii si ile tiba ya mshtuko wa umeme inayotisha watu kwenye filamu? Ile hutumia miliampea 800 hivi, mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na lengo lake ni kumtia degedege la muda mfupi ndani ya ubongo. Husaidia sana watu wenye sonona kali. Lakini ni tiba nyingine kabisa.

Je, wajua kwamba umeme huu mdogo hauiwashi seli ya ubongo? Huisogeza tu karibu na kuwaka. Upande wa elektrodi chanya, seli huwa nyepesi zaidi kuitikia. Upande wa hasi, huwa nzito. Mkulima wa Bomet ataelewa haraka nikimpeleka kiwanda cha chai. Majani mabichi yakishushwa kwenye lori hutandazwa, yakapulizwa hewa saa nyingi hadi yanyauke, ndipo yaingie mashine ya kusaga. Kunyausha peke yake hakutoi chai. Ukiyanyausha kisha ukayaacha hapo, kesho una takataka. Umeme wa betri ni ule upepo wa kunyaushia, na mashine ya kusaga ni mazoezi ya kumbukumbu ambayo mgonjwa anayafanya wakati huohuo au mara tu baada yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza kama kifaa hicho kinarudisha kumbukumbu, mimi huuliza kwanza mgonjwa atakuwa akifanya nini kikiwa kichwani.

Je, wajua kwamba elimu hii katika sura yake ya sasa ilishika kasi mwaka 2000? Michael Nitsche na Walter Paulus, wa chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba dakika chache za umeme dhaifu kama huo hubadilisha wepesi wa sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, na mabadiliko hayo hubaki hata baada ya swichi kuzimwa.

Wazo lenyewe ni la kale mno. Scribonius Largus, tabibu wa Roma wa karne ya 1, aliandika kwamba maumivu ya kichwa yatibiwe kwa kuweka juu yake samaki wa umeme aliye hai, jamaa ya taa.

Je, wajua kwamba katika majaribio baadhi ya wagonjwa hufungwa sifongo, wakawashiwa umeme kwa nusu dakika, kisha ukazimwa kimyakimya? Ngozi huwasha mwanzoni tu hata kwa anayepewa dozi kamili, basi wengi hawawezi kusema wako kundi lipi. Bila hila hiyo ya haki, matumaini ya mgonjwa na ya daktari yangehesabiwa kuwa dawa.

Na hesabu zinasemaje? Mwaka 2020 Bernhard Elsner na wenzake wa Ujerumani walikusanya pamoja majaribio 67 ya umeme huu kwa watu waliopatwa na kiharusi, jumla yao 1,729. Kwa shughuli za kila siku, kama kuvaa na kula, kulikuwa na dalili za kuleta nafuu. Kwa upande wa kukumbuka na kufikiri, hawakupata ushahidi kwamba unasaidia. Majaribio mengi ni madogo, watu kumi hapa, ishirini pale, na kila kundi linaweka sifongo mahali pake na kwa siku zake. Nasema hili wazi kwa sababu familia yenye mgonjwa ni familia iliyo tayari kuuza ng'ombe. Anayekuja na kifaa mkononi akiahidi kwamba kogo, yaani bibi, atakumbuka yote baada ya wiki mbili anauza kitu ambacho sayansi bado haijakipata.

Je, wajua kwamba usalama wa umeme huu hautiliwi shaka sana? Tathmini iliyotolewa mwaka 2016 ilipitia vipindi zaidi ya 33,200 kwa watu, na haikukuta madhara makubwa ya kudumu pale taratibu zilipofuatwa. Mwenye chuma kichwani, mwenye fuvu lililopasuliwa, au mwenye kifafa huchunguzwa kwanza kwa makini.

Je, wajua kwamba nywele zetu nazo zimo katika mjadala huu? Elektrodi inahitaji kugusa ngozi, na vifaa vingi vya ubongo vilitengenezwa na watu waliofikiria nywele laini zinazolala. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, walitoka na vibanio vya elektrodi vinavyokaa vizuri kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Vyao ni vya kusoma mawimbi ya ubongo, si vya kuingiza umeme, lakini somo ni lilelile. Mama asiyefikiwa na elektrodi huachwa nje ya utafiti, na matokeo yanaandikwa bila yeye.

Je, wajua kwamba lango la kumbukumbu mpya ni kiungo kidogo kilichojikunja kama farasi-bahari, kiitwacho hipokampasi? Kimefichwa ndani, mbali na sifongo. Kwa hiyo watafiti wengi hulenga sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya kipaji upande wa kushoto, inayosaidia kupanga na kushikilia mambo akilini. Sehemu kubwa ya umeme hupitia kwenye ngozi ya kichwa bila hata kufika kwenye ubongo.

Je, wajua kwamba mikono ina kumbukumbu yake? Hapa naomba nikae kidogo.

Shangazi yangu ana ekari moja ya chai upande wa Bomet. Alipopata kiharusi mguu ulimrudia baada ya miezi, lakini mambo mapya yalikuwa yakimwagika kama maji kwenye ungo. Asubuhi moja nilimfuata shambani. Kikapu mgongoni, mikono yote miwili juu ya meza ya majani: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, lile gumu analiacha bila hata kuliangalia, konzi ikijaa inarushwa nyuma ya bega na haikosei kikapu. Saa mbili nzima. Tulipofika kituo cha kununulia majani karani akapima, akatoa risiti. Hatua ishirini baadaye akaniuliza kama tumeshapima. Nikamwonyesha risiti. Akaisoma kwa sauti, akaikunja, akaitia kwenye leso. Tulipofika kwenye mti wa mparachichi akauliza tena.

Sayansi imeshaliona jambo kama hilo. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Hakuweza tena kushika jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha kwa kalamu mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Ni kazi ngumu. Kwa siku tatu Molaison aliendelea kuboreka, na kila siku aliapa kwamba hajawahi kuifanya. Mikono ilijifunza, mwenyewe hakujua. Shangazi naye, kuchuna kunakaa katika chumba ambacho kiharusi hakikukifikia.

Je, wajua kwamba swali la kwanza wanalouliza wageni wetu ndilo baya kuliko yote? Mgonjwa ametoka hospitali, watu wanajaa sebuleni, chai ya maziwa inamiminwa, na kila anayeingia anamwinamia: "Wanijua mimi ni nani?" Mzee anabahatisha, anakosea, watu wanacheka kwa upendo, mwingine anakuja na swali lilelile. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson wa Uingereza walionyesha kwamba mtu aliyeharibika kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kukosea. Akibahatisha jina lisilo lake, kosa hilo ndilo linalobaki, kwa sababu hana kumbukumbu ya kusahihishwa. Basi mgeni na aseme: "Chamgei, kogo. Mimi ni Kibet, mjukuu wa dada yako." Kesho aseme tena vilevile. Hilo halihitaji betri.

Na mzigo wa majina ni mzito kwa Wakipsigis, watu wa Kericho na Bomet. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya, na jina hilo ndilo lake. Kogo aliyesahau majina amepoteza kazi ambayo ukoo mzima ulimtegemea.

Je, wajua kwamba kipimo kimoja bora cha kumbukumbu kwa watu wasiosoma kilitengenezwa kwa jirani? Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliona kwamba vipimo vya kizungu humwonea mzee ambaye hajawahi kushika kalamu. Mwaka 2014 wakatoa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Badala ya kumwambia mzee achore, humpangia umbo kwa njiti za kiberiti, naye ajenge la kwake lifanane nalo. Huulizwa daraja ni nini. Huulizwa kiongozi wa kijiji ni nani. Husomewa maneno kumi, na baadaye ayataje. Nakipenda kipimo hiki kwa heshima yake. Njiti za kiberiti ziko katika kila jiko la huku kwetu, Konoin hadi Belgut.

Hai hiyohiyo, pamoja na Dar es Salaam, ndiko kulikofanyika kati ya 2003 na 2006 hesabu kubwa ya viharusi vipya. Umri wa watu ukisawazishwa, Hai ilipata viharusi 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9.

Je, wajua kwamba kikumbusho cha mfukoni kina ushahidi mzuri kuliko sifongo? Mwaka 2001 Barbara Wilson aliripoti watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu waliopewa kifaa cha mfukoni kinacholia na kuandika ujumbe: kunywa dawa, funga mlango, leo kliniki. Zaidi ya asilimia 80 walifanikiwa zaidi katika shughuli zao. Kengele ya kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, inaweza kufanya kazi hiyo.

Je, wajua kwamba Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, inajulikana kwa kupasua moyo? Hilo lina uhusiano na kiharusi. Mtoto aliyeumwa koo asitibiwe anaweza kuharibika vali za moyo. Damu hutuama moyoni, huganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, kiharusi humkuta kijana ambaye hajaoa.

Je, wajua kwamba ubongo ulionyimwa damu hupoteza seli milioni 1.9 kila dakika? Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya skani kuhakikisha kwamba si damu iliyovuja. Uso ukipinda, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, tafuta gari, usingoje kupambazuke.

Je, wajua kwamba baada ya kiharusi cha kwanza mtu 1 kati ya 10 hupoteza kumbukumbu na ufahamu kwa kiwango kikubwa, na baada ya kinachofuata ni zaidi ya theluthi? Kuzuia cha pili ni tiba ya kumbukumbu. Utafiti wa INTERSTROKE wa nchi 32, uliotolewa mwaka 2016, uliweka presha juu ya visababishi vyote. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye kipimo cha presha. Wakibisha hodi, wafungulie.

Je, wajua kwamba jina la Mkipsigis mara nyingi ni saa? Chebet ni mchana, Chelangat ni machweo, Cherotich ni pale ng'ombe wanaporudi nyumbani. Shangazi yangu ni Cherotich. Siku hizi haijui tarehe, na mwaka huukosa mara nyingi. Juzi jioni tulikuwa tumeketi nje, ng'ombe wakaanza kuingia langoni, nikamuuliza ni saa ngapi. Akawatazama wakipita, kisha akanijibu: "Ni saa yangu."