Vumbi ya mugodi na askari wa mwili wetu

Vijana wa Mutoshi wanajua: kwenye shimo kila mmoja ana chombo chake. Mmoja anashika nyundo, mwingine anavuta kamba. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, ni vile vile. Chombo chao ni enzimu, ni kusema vitu vidogo sana vinavyokata au kugeuza vitu vingine. Lakini askari wote hawana enzimu moja.

Kila askari na silaha yake

Neutrofili wanafika mbio kwenye kidonda. Enzimu yao moja inatengeneza asidi inayofanana na javeli, ile mama anasafishia nguo. Hiyo enzimu njo inatia usaha rangi ya kijani. Limfositi hawana ile. Wale wanaoua kati yao wanatoboa chembe ya mwili iliyoshikwa na virusi, wanaingiza enzimu zingine, nayo inakufa. Makrofaji wanakaa hata katika mapafu. Wanameza uchafu na mikrobe, kisha wanavisaga kwa enzimu zilizofungiwa ndani ya vifuko vidogo.

Juu ya nini vumbi ni adui?

Mawe ya mugodi mara nyingi yana silika. Ukipiga jiwe kavu, vumbi nyembamba inaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Makrofaji anaimeza, lakini hana enzimu ya kusaga jiwe. Silika inapasua vile vifuko, enzimu zinamwagika, askari anakufa, vumbi inabaki. Mwingine anakuja kuimeza, naye anakufa. Polepole mapafu yanakuwa magumu kama kovu. Huo ni ugonjwa wa silikosi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena makrofaji njo mulinzi wa kwanza juu ya mikrobe ya kifua kikuu. Akianguka, mulango uko wazi.

Tufanye nini?

Vijana, musiseme: "Vumbi njo kazi yenyewe." Mumwagie jiwe maji mbele ya kulipiga. Kitambaa cha kawaida puani hakizuii vumbi nyembamba. Nguo za mugodi zisikung'utwe ndani ya nyumba, karibu na watoto. Ukikohoa kupita majuma 2, nenda hospitali wapime makohozi. Kifua kikuu, si kama silikosi, kinapona, kama mugonjwa anamaliza dawa zote, kwa kawaida miezi 6.