Mshipi wa mbio si urembo wa gari

Tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, Naivasha imekuwa kama harusi ya wapenda ndai. Na kuna kitu wengi hutamani kuiga kwa madereva wa rali: ile mishipi mipana inayopita mabega yote mawili na kukutana kwenye kifungo kimoja tumboni.

Inapendeza, hakuna ubishi. Lakini kabla hujamlipa fundi, skiza.

Gari likigonga, mshipi wa kawaida hukuacha uiname mbele kidogo, halafu mfuko wa hewa unakupokea. Mshipi wa mbio haukuachi. Kifua kinabaki kwenye siti, lakini kichwa hakijafungwa popote. Kinarushwa mbele na mzigo wote unaishia shingoni. Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa NASCAR kule Marekani, alifariki Daytona Februari 2001 baada ya fuvu kuvunjika upande wa chini. Hakuwa amevaa kifaa cha kushikilia kichwa na shingo. Kabla mwaka huo uishe, NASCAR ilikuwa imekifanya lazima.

Bado kuna paa. Gari likibingirika na paa kubonyea, ukiwa na mshipi wa kawaida unaweza kulala kando. Wa mbio unakushikilia wima, kichwa kikingoja bati. Ndiyo maana magari ya rali huwa na kizimba cha vyuma ndani.

Kwa hivyo kama gari lako ni la kwenda job na kumpeleka mathee kanisani Jumapili, acha mshipi uliokuja nalo. Kama unalitengeneza la mashindano, hapo tuongee.

Kwanza, siti iwe ya mbio, yenye matundu ya kupitishia kanda ili zisiteleze mabegani. Pili, mshipi ufungwe kwenye bodi ya gari, si kwenye siti wala reli zake. Fundi akitoboa tundu jipya, kanuni za FIA zinataka kipande cha chuma chenye unene wa milimita 3 na ukubwa wa sentimita 40 za mraba upande wa pili. Bila hicho, boliti itararua bati kama karatasi.

Kanda za mabega zielekee nyuma, zisishuke zaidi ya nyuzi 45. FIA hupendelea zisizidi 10. Ukizifunga sakafuni nyuma ya siti, ajali itazivuta chini na kukuponda uti wa mgongo. Mkanda wa kiuno ukae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Zile kanda za kupita katikati ya mapaja si mapambo pia: ndizo huzuia mkanda wa kiuno usipande tumboni na kukuumiza matumbo.

Mwisho, soma lebo. Mshipi halali huonyesha kiwango cha FIA, kama 8853-2016, na mwaka wa kuisha muda. Uliowahi kupata ajali haufai tena, hata kama unang'aa. Na ukiuziwa mpya kwa bei ya shati la mtumba, jiulize ni wa nini.

Kama mfuko hautoshi kwa siti, kizimba na kifaa cha shingo, usianze na mshipi. Anza na breki na tairi.