Kikulacho ki Nguoni: Rekodi za Samurai wa Mwisho

Julai 1853 meli nne za kivita za Marekani zilitia nanga Uraga, karibu na Edo, jiji ambalo leo linaitwa Tokyo. Haikutimia miaka 25, tabaka la samurai lililoitawala Japani kwa karne nyingi likawa limefutika. Wengi hudhani mizinga ya wageni ndiyo iliyowamaliza. Rekodi hizi zinaonyesha kwamba pigo kubwa lilitoka kwa samurai wenzao.

Shogun wa Tokugawa aliyetawala muda mfupi zaidi

Tokugawa Yoshinobu alikuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, wa 15 na wa mwisho wa ukoo ulioshika hatamu mwaka 1603. Alitawazwa Januari 1867. Novemba mwaka huohuo akarudisha madaraka kwa Mfalme Meiji, kijana wa miaka 15. Waliombana ni samurai wa Satsuma na Choshu, majimbo ya kusini-magharibi. Ana rekodi ya pili pia: hakuna shogun wa Tokugawa aliyeishi miaka mingi kumzidi. Alifariki mwaka 1913 akiwa na miaka 76, baada ya ustaafu mrefu wa kuwinda, kupiga picha na kuendesha baiskeli.

Ngome kubwa iliyotolewa bila vita

Edo lilikuwa miongoni mwa majiji makubwa duniani, lenye wakazi wapatao milioni moja. Kurudisha madaraka hakukuzuia vita kati ya pande hizo mbili. Mwaka 1868 jeshi la Mfalme lilipofika mlangoni, Katsu Kaishu wa upande wa shogun alikaa na Saigo Takamori wa Satsuma, wakakubaliana. Mei mwaka huo ngome ikakabidhiwa kwa amani. Wafuasi sugu wa shogun walijaribu kupigana Ueno, ndani ya jiji, mwezi Julai, wakasambaratishwa kwa siku moja.

Jamhuri ya umri mfupi

Enomoto Takeaki, kamanda wa majini wa shogun, hakukubali kushindwa. Alichukua meli za kivita za shogun, akakimbilia kisiwa cha kaskazini, Hokkaido ya leo. Januari 1869 maofisa wake walipiga kura wakamchagua kuwa kiongozi wa jamhuri yao. Kufikia Juni walikuwa wamesalimu amri katika ngome ya Goryokaku. Enomoto alifungwa, akasamehewa, kisha akaitumikia serikali iliyomshinda: mwaka 1875 ndiye aliyetia saini mkataba wa mipaka na Urusi, na baadaye akawa waziri.

Amri iliyouma kuliko zote

Machi 1876 samurai walikatazwa kubeba panga hadharani. Ndiyo amri inayokumbukwa zaidi, lakini iliyouma hasa ni ya Agosti. Kwa vizazi vingi samurai aliishi kwa posho iliyohesabiwa kwa mchele, na posho hizo zilikula karibu theluthi ya mapato ya serikali mpya. Sasa zikageuzwa kwa lazima kuwa hati fungani, na kwa samurai wa ngazi ya chini riba yake haikutosha kulisha nyumba. Viongozi waliopitisha amri hizo, akiwemo Okubo Toshimichi wa Satsuma, walikuwa wenyewe wamezaliwa samurai.

Waasi waliokataa bunduki

Oktoba 1876, mjini Kumamoto, wanaume wasiofika mia mbili wa kundi la Shinpuren walivamia kambi ya jeshi usiku wakiwa na panga na mikuki. Bunduki waliziona najisi ya kigeni. Inasimuliwa kwamba wakipita chini ya nyaya za telegrafu walijifunika vichwa kwa vipepeo vya kujipepea. Walimuua kamanda wa kambi, lakini askari walipojikusanya na kuanza kufyatua risasi, mambo yalikwisha. Wengi wa waliobaki walijiua.

Uasi mkubwa na wa mwisho

Saigo, yuleyule aliyeipokea Edo, alijiuzulu serikalini mwaka 1873. Februari 1877 aliongoza maelfu ya samurai kutoka Kagoshima, mji wa Satsuma, wengi wao wakiwa na bunduki. Wakaizingira ngome ya Kumamoto kwa zaidi ya siku 50 bila kuiteka; walioilinda walikuwa askari wa kuandikishwa kwa lazima, wengi watoto wa wakulima. Katika mapigano ya Tabaruzaka serikali iliwaita polisi hodari wa upanga. Miongoni mwao walikuwamo samurai wa zamani wa Aizu, jimbo ambalo Satsuma waliliponda mwaka 1868, waliokuja kulipa kisasi. Septemba 24 Saigo alikufa kilimani Shiroyama akiwa na miaka 49, watu wake mia chache wakiwa wamezungukwa na askari wapatao 30,000. Haikutimia miezi minane, Okubo, mzaliwa wa mji mmoja naye, akauawa Tokyo na samurai wenye hasira.

Daimyo wa mwisho kufariki

Hayashi Tadataka alikuwa daimyo, yaani bwana, wa jimbo dogo la Jozai. Mwaka 1868, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, aliacha ngome yake akaenda kumpigania shogun ambaye mwenyewe alishakata tamaa. Alinyang'anywa jimbo, akaishi kwa kulima na kwa kazi za ukarani. Mabwana waliosalimu amri mapema walipewa vyeo na malipo. Familia yake ilisubiri hadi miaka ya 1890 kurudishiwa heshima. Alifariki Januari 1941 akiwa na miaka 92. Aliyekataa kumwacha shogun ndiye aliyewazika mabwana wote waliomwacha.